Cheti Kilichokatwa Nusu Bado Kinainamiwa

Karatasi moja inayoheshimiwa sana katika historia yote ya chai ya Kijapani ni cheti. Si shairi, si picha ya mlima wenye theluji, si maombi. Ni cheti cha mwalimu kumwambia mwanafunzi wake: umeiva, nenda. Na hata si cheti kizima. Ni nusu.

Wasee, hebu niwape stori yake kwanza kabla hamjaanza kuniuliza nimeanza lini mambo ya Japani.

Mwaka 1124, huko Uchina, mtawa wa Zen aliyeitwa Yuanwu Keqin alimwandikia mwanafunzi wake Huqiu Shaolong maandishi ya kuthibitisha kwamba ameelewa. Zen ni ule mkondo wa Ubudha ambao watu wake wanakaa kimya masaa na masaa, na hakuna mtihani wa karatasi. Mwalimu anaishi na wewe miaka, anakuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, anakufukuza, anakuita tena, na siku akiridhika anachukua brashi na wino. Hiyo ndiyo digrii. Wajapani humwita Yuanwu kwa jina la Engo, na hii karatasi wameipa jina la utani, Engo Aliyeelea, kwa sababu inasimuliwa kwamba ilifika pwani ya kusini ya Japani ikielea baharini ndani ya bomba la mbao. Hiyo ya kuelea mimi siwezi kuiapia. Lakini karatasi ipo, iko Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, na Japani imeiorodhesha kama Hazina ya Taifa. Inahesabiwa kuwa mwandiko wa zamani zaidi wa mtawa wa Zen uliobaki duniani.

Sasa ile nusu nyingine ilienda wapi? Inasimuliwa kwamba mbabe wa vita Date Masamune aliitamani sana, na bingwa wa chai Furuta Oribe akaikata ili jamaa apate kipande chake. Kilichobaki ni kipande cha mwanzo. Cha mwisho, pale ambapo kwa kawaida mwandishi huweka jina lake na tarehe, hakipo. Kwa hivyo tuko na cheti kisicho na mwisho, alichopewa mtu mwingine, cha nchi nyingine. Peleka hicho kwa HR yeyote pale Upper Hill uone kama utavuka geti.

Na bado watu wazito kabisa wameshusha vichwa mbele yake.

Ndiyo maana nimekaa na hii stori wiki nzima. Sisi tuna shida na karatasi za ukutani, na hawa watu wa chai wana jibu. Si jibu safi, nitafika hapo. Lakini ni jibu.

Inaitwa sherehe ya chai, lakini usifikirie sherehe yetu ya wikendi. Chumba ni kidogo, sakafu ni mikeka, na mlango wa wageni kwenye vibanda vya mtindo wa Sen no Rikyu (1522–1591) una upana na urefu wa kama sentimita 66 tu. Unaingia ukitambaa. Samurai alikuwa anaacha upanga nje. Ukishaingia hukuti sofa, hukuti meza, hukuti picha za familia. Unakuta kidaka kikubwa cha ukutani kinachoitwa tokonoma, na ndani yake limening'inia gombo moja. Moja tu. Karatasi yenye maandishi ya wino, imegandishwa juu ya kitambaa na karatasi nyingine, chini ina kijiti cha mviringo cha kulivuta linyooke, na cha kuliviringia likimaliza kazi. Wanaliita kakejiku.

Mgeni haanzi kwa kuangalia vikombe. Anaenda moja kwa moja hadi kwenye kidaka, anapiga magoti, anaweka kipepeo chake kilichofungwa mbele ya magoti, anainama. Anatazama. Anainama tena. Mwenye nyumba hata hajaingia bado! Yaani mtu wa kwanza unayemsalimia kwenye hicho chumba ni mtu aliyeandika, ambaye pengine alikufa miaka mia nne iliyopita.

Nanporoku, kitabu kinachobeba mafundisho yanayohesabiwa kuwa ya Rikyu, kinaliweka gombo juu ya vyombo vyote. Juu ya bakuli, juu ya birika, juu ya kile kikopo cha unga wa chai ambacho mabwana wa vita walikuwa wanagombania kama shamba. Na kati ya magombo yote, kinatanguliza yale yaliyoandikwa na watawa wa Zen. Hayo yana jina lake: bokuseki. Ukilitafsiri neno lenyewe unapata nyayo za wino. (Nyayo, na sizungumzii uwanja.)

Sasa sikia kitu ambacho kilinimaliza. Wageni wengi hawawezi kusoma kilichoandikwa. Nazungumzia Wajapani wenyewe, leo, watu wamesoma hadi chuo. Mwandiko wa watawa hukimbia, herufi zinashikana, nyingine zimefupishwa hadi zimekuwa mkwaruzo tu. Kwa hivyo ni jambo la kawaida kabisa mgeni mkuu kumuuliza mwenye nyumba: gombo linasomekaje, na ni mwandiko wa nani?

Nilipoweka kipande kidogo cha hii stori kwenye video, mtu mmoja aliandika, "Bro, kwa hivyo wanainamia kitu hawawezi kusoma? Si huo ni ujinga na mkeka?" Nilicheka. Ni swali zuri lakini. Na jibu liko kwenye lile neno, nyayo.

Wino wao ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, unasugua kwenye jiwe na maji. Karatasi inanyonya. Ukisitasita na brashi, wino unasambaa na doa linabaki hapo milele. Ukienda mbio, brashi inakauka na mistari myeupe inatokea katikati ya herufi. Huwezi kufuta na huwezi kupitia juu mara ya pili bila kuonekana. Kwa hivyo anayetazama anaona mkono: hapa alikandamiza, hapa alivuta pumzi, hapa wino ulimwishia na hakurudi kuchovya. Huhitaji kusoma ndiyo uone kwamba mtu alipita hapa. Sisi wenyewe, ukiona nyayo kwenye tope huwa husemi "hizi nyayo zinasemaje?" Unauliza ni za nani.

Kuna nyumba za kukodi za wikendi huko Kilimani ambazo siku hizi lazima zikuwekee lile duara la wino la Zen kwenye fremu, limechapishwa kwa mashine, juu ya sofa ya kijivu. Linapendeza kwa picha, sikatai. Lakini hapo hakuna aliyepita.

Sasa tuje kwetu.

Sebule ya kwetu ina picha tatu za mahafali. Dada yangu mkubwa, kaka yangu, na binamu tuliyemlea. Majoho, kofia, ile karatasi ya kuviringishwa mkononi ambayo mpiga picha anakupatia na kuirudisha kwa anayefuata. Picha zimepangwa kwa mstari juu ya TV, na mwisho wa mstari kuna nafasi. Mathe hajawahi kusema ni ya nani. Hahitaji kusema. Niliacha chuo mwaka wa pili na najitafutia kwa kamera, na najua vile ile nafasi inavyopiga kelele kila mgeni akiingia. Desemba iliyopita shangazi aliitazama, akanitazama, akaniambia kwa upole kabisa, "Na yako tutaiona lini, baba?" Nikamwambia, "Mungu akipenda, shangazi." Akaongezewa chai.

Sina ubaya na shangazi. Nina ubaya na swali. Kwa miaka yote nimekaa kwenye hiyo sebule, nimesikia wageni wakiuliza alisomea nini, alipata daraja gani, ameshaandikwa kazi wapi. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza: nani alimfundisha? Hakuna. Ukuta mzima wa elimu na hakuna mwalimu hata mmoja juu yake. Sahihi zilizo kwenye cheti ni za wakubwa wa chuo ambao mwanafunzi pengine hawajahi kukaa naye chumba kimoja, na sasa hivi hata hizo zinachapishwa.

Hapo ndipo ile nusu ya cheti cha Engo inanichoma. Kwenye chumba cha chai hakuna anayeitundika kumsifu Shaolong kwamba alipita. Wanaitundika kwa sababu ya mkono wa Engo. Cheti kilianza kama habari ya mwanafunzi, kikaishia kuwa alama ya mwalimu. Kinaweza kukatwa, kinaweza kupoteza mwisho wake, na hakipungui, kwa sababu mkono bado uko pale.

Mimi mwenyewe niko na karatasi moja. Mwaka wa kwanza mhadhiri mmoja alinirudishia insha, na pembeni ya aya ya tatu, kwa kalamu nyekundu iliyokuwa inakaribia kuisha, ameandika: "Hii sentensi ni yako. Zingine umeazima." Alama zenyewe sizikumbuki. Ule wino mwekundu unaofifia kila herufi nauona hadi leo nikihariri. Hauwezi kunipatia kazi popote. Lakini ukiniuliza nilisoma wapi, ni hapo.

Usifikirie kwamba watawa hawakupigana juu ya majoho. Walipigana vibaya. Daitokuji, hekalu la Kyoto ambalo watawa wake wameandika magombo mengi sana ya chai, lilikuwa na heshima ya joho la zambarau, ambalo mfalme alikuwa anawapatia watawa wakuu. Mwaka 1615 serikali ya shogun ikatoa kanuni: ili uongoze hekalu kama hilo, uwe umefanya mazoezi miaka 30 na umepitia maswali ya Zen 1,700. Ati elfu moja na mia saba! Ilikuwa siasa tu, shogun alitaka kumpokonya mfalme kisu cha kukata keki. Mwaka 1627 serikali ikaanza kufuta majoho yaliyokuwa yametolewa bila kuiuliza. Mtawa Takuan Soho na wenzake wakaandika kupinga, kwamba kuelewa hakupimwi kwa idadi. Mwaka 1629 Takuan akapelekwa uhamishoni kaskazini, akasamehewa baada ya miaka mitatu.

Huyu Takuan ndiye, inasimuliwa, alipokuwa anakufa mwaka 1645 na wanafunzi wakamwomba neno la mwisho, alichukua brashi akaandika herufi moja inayomaanisha ndoto, akaweka brashi chini. Mtu aliyefukuzwa juu ya majoho! Leo mwandiko wake ni kati ya ile ambayo watu wa chai wanaitamani sana.

Na kuna Ikkyu Sojun (1394–1481), ambaye anasifika kwa kukataa cheti chake mwenyewe alipopewa na mwalimu wake. Halafu masimulizi ya chai yanasema huyo huyo Ikkyu ndiye alimpatia Murata Juko, baba wa mtindo huu wa chai ya unyenyekevu, kipande kingine cha mwandiko wa Engo, na Juko akakitundika. Wanahistoria hawakubaliani kama ilitokea hivyo. Lakini angalia hao watu walichagua kujisimulia nini: aliyekataa karatasi yake akapitisha ya mwingine. Kama ni ya kutunga, waliitunga vizuri.

Nilisema jibu lao si safi. Hii hapa.

Kuna gombo lingine kwenye jumba lile lile la Tokyo, na lenyewe ni Hazina ya Taifa. Liliandikwa na Xutang Zhiyu (1185–1269), mtawa wa Uchina ambaye Wajapani humwita Kido. Karne kadhaa baadaye lilikuwa mali ya mfanyabiashara tajiri wa Kyoto. Mwaka 1637 mfanyakazi wake mmoja alijifungia ghalani, akalikatakata lile gombo, na hakutoka humo akiwa hai. Gombo likaunganishwa tena, likanunuliwa baadaye na Matsudaira Fumai, mtawala wa Matsue aliyekuwa mwendawazimu wa chai, na hadi leo linajulikana kwa jina la Kido Aliyeraruka. Wataalamu wanaweza kukuonyesha mshono uko wapi.

Soma tena hiyo. Jina la utani limekumbuka mraruko wa karatasi. Kijana hana gombo. Alijua kitu kimoja, kwamba kwenye ile nyumba hakuna mtu angemsikiliza lakini wote wangeisikia karatasi, na hakukosea. Kwa hivyo mtu akiniambia watu wa chai wanaheshimu mkono wa mtu kuliko mali, namwambia ndiyo, mkono wa mtu aliyekufa zamani. Waliokuwa wanafagia ghala ni stori nyingine.

Na pesa pia zipo, tusidanganyane. Shule kubwa za chai za leo, kama Urasenke ya Kyoto, zina ngazi za vibali. Kila hatua mwalimu wako anakuombea kibali na wewe unalipa. Unaweza kusema ni karo kama karo nyingine, na mimi nakubali. Ila kuna kitu kwenye hivyo vibali nakipenda kinyama: kibali hakisemi umemaliza. Kinasema umeruhusiwa kuanza kujifunza hatua fulani. Hebu fikiria joho ambalo unavishwa siku ya kwanza ya chuo, halafu mnaanza.

Lakini kama ningeruhusiwa kuiba kitu kimoja tu kutoka kwenye kile chumba, singeiba gombo wala kibali. Ningeiba tabia yao ya kulishusha.

Gombo la chai halikai ukutani. Mwenye nyumba anachagua la siku hiyo, la wageni hao, la msimu huo. Kiangazi wengine hutundika herufi moja tu ya maporomoko ya maji, mstari wake wa mwisho umevutwa chini mrefu hadi unahisi baridi, na chumba bila feni kinapoa kichwani mwako. Desemba wanapenda neno buji, la mtu ambaye hana tena cha kukimbizana nacho. Januari linashuka. Linaviringishwa, linawekwa kwenye sanduku la mbao nyepesi, linarudi gizani. Lile la Engo pia haliachwi ukutani mwaka mzima kwa sababu mwanga unakula karatasi. Ukifika Tokyo wiki mbaya utaambiwa halijatolewa.

Na ile shughuli ndefu ya chai, ya kama masaa manne yenye chakula ndani, iko na hii: gombo linatundikwa nusu ya kwanza tu. Mnakula, mnatoka bustanini kunyoosha miguu, mnaitwa kurudi. Mnatambaa tena kwenye kile kimlango, mnainua kichwa kuelekea kidakani, na halipo. Pale pale lilipokuwa kuna ua, moja au mawili, kwenye chombo.

Sasa linganisha na sisi. Sisi tukipata kitu tunakipigilia msumari. Digrii ya 2009 bado iko juu ya TV, mwenyewe ameshafanya kazi tatu ambazo hazihusiani nayo, ameshakuwa mtu mwingine kabisa, lakini ukutani bado ana miaka 23 na kofia imepinda. Dada yangu aliwahi kumwomba mathe aishushe yake. Mathe alikataa katakata, na ninaelewa, yeye ndiye alilipa. Kwake ile picha si ya dada, ni risiti. Na hata mimi siko mbali. Niko na posti moja nimeibandika juu ya ukurasa wangu mwaka wa pili sasa, ile iliyovuma, na kila mtu mpya anakutana na huyo mtu wa zamani kwanza. Nimeishusha leo asubuhi. Imeniuma kidogo.

Simwambii mtu aache chuo. Karo ikipatikana na unapenda unachosoma, kaa hapo, soma, vaa joho, piga picha mia. Ninachotaka ni tuulizane swali la wageni wa chai angalau mara moja. Mkono wa nani?

Kwa hivyo komenti ziko wazi. Usiniandikie una digrii ya nini. Kama uko na mwandiko wa mtu, karatasi yoyote, barua ya guka, daftari la darasa la tano lenye wino mwekundu wa mwalimu, risiti ya fundi aliyekufundisha kazi akapiga hesabu nyuma yake, piga picha utume. Hata kama hausomeki. Majina ya shule muache nje, na uniambie tu alikuwa mtu wa aina gani.